Je, Wajua? Bidoni la Kituku Lina Ukoo Wake

Wewe unayeteka maji hapa Kituku, hebu ligonge kwanza hilo bidoni la njano. Je, wajua kuwa plastiki ya aina hiyo, polithini, ilipatikana kwa bahati tu? Machi 1933, huko Winnington, Uingereza, Eric Fawcett na Reginald Gibson walibana gesi ya ethilini pamoja na kemikali nyingine kwa nguvu za kutisha, wakaenda zao wikendi. Kurudi, wakakuta kitu cheupe kama nta, hata gramu 1 hakifiki! Leo soko gani halina polithini? Ila usivuke nayo mpaka kwenda Gisenyi ikiwa mfuko: Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008.

Na Winnington hapo, je, wajua nani alitangulia? John Brunner, mtu wa ofisini, na Ludwig Mond, mkemia mzaliwa wa Ujerumani. Walifahamiana kazini, na mwaka 1873, enzi za Malkia Victoria, wakafungua kampuni yao, Brunner Mond. Bidhaa yao kuu? Magadi! Bila magadi, kioo cha chupa yako ya bia kingekuwa kazi ngumu kukiyeyusha.

Ufundi wenyewe, shika hapo, ulitoka Ubelgiji. Ernest Solvay aligundua mwaka 1861 namna ya kupata magadi kwa chumvi, mawe ya chokaa na amonia. Mond akamfuata mwaka 1872 kuomba ruhusa ya kuutumia.

Kuna na la majonzi. Tarehe 19 Januari 1917, wakati wa vita, kiwanda cha Brunner Mond cha Silvertown, London, kililipuka na tani 50 hivi za baruti ya TNT. Watu 73 walikufa, na nyumba zipatazo 70,000 ziliharibika.

Sasa sogea huku kwetu Afrika Mashariki. Je, wajua kuwa mwaka 1924 Brunner Mond ilichukua kampuni ya magadi ya Ziwa Magadi, Kenya, pamoja na reli yake iliyotoka Konza? Magadi ya pale hayapikwi kwa amonia, yanachimbwa ziwani! Tabaka lake hufika unene wa mita 40, na chemchemi za moto huleta mengine kila siku. Miaka miwili baadaye Brunner Mond ikaungana na wenzake watatu kuunda kampuni ya kemikali ya ICI, na tangu 2005 mwenye Magadi ni Tata ya India.

La mwisho, na mimi ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mle Magadi, kwenye maji makali yanayofika nyuzi 40 za joto, anaishi samaki! Ni perege mdogo, urefu wa kidole. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia mashavu, lakini maji yale hayamruhusu. Basi yeye hutoa urea, ileile iliyo kwenye mkojo wako.