Robo lita ya damu

Kwenye barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida, wauza mafuta ya alizeti hupanga madumu na chupa zao kando ya lami. Chukua chupa ndogo kabisa, ile ya robo lita. Ujazo huo ndio damu yote aliyonayo kichanga wa kilo tatu: mililita 80 hivi kwa kila kilo ya uzito, jumla 240. Mtu mzima ana lita tano, na akipoteza damu ya vijiko vitano vya chai hata hakumbuki kesho yake. Kichanga akipoteza vijiko hivyo vitano amepoteza sehemu moja ya kumi ya damu yake.

Ndiyo maana katika chumba cha upasuaji wa vichanga kuna kitu ambacho mgeni hakitegemei: mizani. Gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zikilowa hazitupwi hivi hivi. Zinapimwa, uzito wa gozi kavu unatolewa, na kila gramu inayobaki inahesabiwa kuwa mililita moja ya damu. Anayeshika kisu husikia hesabu hiyo ikisomwa huku anaendelea kushona.

Hapa niseme jambo ambalo Singida hatupendi kulisema mbele ya wageni. Hesabu hiyo ya robo lita haijui nani ameshika wembe. Mtoto anayekatwa kimeo kwa sababu anakohoa, au kichanga wa kike anayekeketwa kwa siri eti ana lawalawa, anatoa damu kutoka katika chupa ile ile ndogo, na hapo hakuna gozi wala mizani. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 ilipiga marufuku kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Baadhi ya familia zikajibu kwa kukimbilia umri mdogo zaidi, ambao hauwezi kusimulia. Na hiyo lawalawa mara nyingi ni maambukizi ya kawaida ya sehemu za siri, yanayoisha kwa dawa na maji safi.

Turudi chumba cha upasuaji. Adui wa pili wa kichanga ni baridi. Mji wa Singida uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na anayejua upepo wa huku mwezi wa saba hahitaji kuelezwa. Kichanga hana uwezo wa kutetemeka ili kujipasha moto kama sisi. Anachoma mafuta maalumu ya kahawia aliyozaliwa nayo, yaliyo katikati ya mabega na kuzunguka figo, na akiba hiyo ni ndogo. Ikiisha, sukari ya damu inashuka, upumuaji unasuasua, na damu yenyewe inakataa kuganda vizuri. Kwa hiyo feni na kiyoyozi huzimwa, mtoto huvikwa kofia na kufunikwa nailoni safi, dawa ya kusafishia ngozi hupakwa kwa uangalifu isije ikamlowesha, na daktari anapasua jasho likimtiririka. Mtaalamu wa usingizi yeye ana shughuli yake: kupitisha mpira wa milimita tatu na nusu katika koo ambalo uvimbe mdogo tu unaweza kuliziba.

Lakini kabla ya hayo yote, mtoto lazima afike. Mkoa una Hospitali ya Rufaa mjini Singida, na una hospitali za madhehebu ambazo wenyeji huzitaja kwa majina ya mahali tu: Makiungu, Iambi, Itigi. Hii ya Itigi, ya Mtakatifu Gaspar, iko kando ya reli ya kati na inaendeshwa na Wamisionari wa Damu Azizi. Watu wa Mkalama wengi huvuka mpaka wa mkoa kwenda Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Anayehitaji kupelekwa mbele zaidi huenda Dodoma, au Bugando, au KCMC, au Muhimbili, ambako ni takriban kilomita 700 kutoka Singida mjini. Siku hizi kuna namba 115 ya mpango wa m-mama, inayopigwa bure: gari la wagonjwa lisipokuwepo, dereva wa jirani aliyeandikishwa humchukua mama au kichanga. Na kitu cha kumpasha mtoto joto njiani hakiuzwi dukani, ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kitenge juu.

Saa zenyewe ni chache. Kichanga anayetapika kijani, yaani nyongo, huenda utumbo wake umejisokota, na utumbo uliokosa damu unaweza kufa kabla jua halijazama. Matapishi meupe ya maziwa yanaweza kusubiri kesho. Ya kijani hayasubiri. Wala saa hizi si za vichanga peke yao. Mvulana wa miaka 14 ambaye korodani yake imejisokota ana takriban saa sita za kuiokoa, na nyingi kati ya hizo anazimaliza kwa aibu, akimwambia mama kwamba ni tumbo tu linauma, akapewa Panadol, akalala.

Mwaka 2021 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia watoto waliozaliwa na kasoro za tumbo na njia ya chakula katika hospitali 264 za nchi 74. Waliozaliwa utumbo ukiwa nje, kupitia tundu kando ya kitovu, walikufa 90 katika kila 100 kwenye nchi maskini. Kwenye nchi tajiri hawakufika wawili. Nimezitazama namba hizo mara nyingi, na siamini kwamba pengo hilo lote ni la ufundi wa kisu. Kuurudisha utumbo ndani si upasuaji mgumu kuliko wote. Pengo liko katika mfuko safi wa nailoni wa kufunika utumbo saa ile ile ya kuzaliwa, katika joto, na katika chakula cha kupitisha kwenye mshipa wa damu kwa wiki kadhaa wakati utumbo ukijifunza kazi.

Kasoro nyingine haihitaji hata kifaa ili igunduliwe, inahitaji mkunga amgeuze mtoto na kutazama. Mtoto mmoja hivi katika kila 5,000 huzaliwa bila njia ya haja kubwa. Wa kiume tumbo hujaa, na pengine kinyesi cheusi cha kwanza huonekana kwenye mkojo. Wa kike hupata tundu dogo karibu na uke, kinyesi kikapita hapo kidogo kidogo, na familia ikakaa miezi, hata miaka, ikidhani mtoto ana tatizo la kukosa choo.

Matibabu mara nyingi huja kwa hatua tatu. Kwanza utumbo hutolewa kwenye ngozi ya tumbo ili mtoto apate pa kutolea haja. Hatua ya pili, miezi baadaye, ya kumtengenezea njia ya haja, hufuata mbinu ambayo Alberto Peña, daktari wa Meksiko, na Pieter deVries waliichapisha mwaka 1982: mtoto hulazwa kifudifudi, hupasuliwa katikati kabisa, msuli wa kubana haja husisimuliwa kwa umeme mdogo uonekane unapokaza, na utumbo hupitishwa katikati yake. Katika miezi hiyo ya kusubiri, kazi ni ya mama. Mifuko ya kubandika tumboni ni ghali, basi anachana kanga kuukuu, anakunja vipande, anafunga, anafua, anaanika, anapaka Vaseline ngozi isichubuke, na anajibu maswali ya majirani.

Hatua ya tatu ni kulifunga tundu la tumboni. Baada ya hapo wodi nzima inasubiri utumbo uamke. Kila asubuhi daktari anapopita, kabla ya kugusa kidonda wala kusoma faili, anamwuliza mama swali ambalo mahali pengine lingekuwa utovu wa adabu:

"Mama, ameshajamba?"