Lengalenga ndani ya kikombe: majani gani yanyweke, na gani yabaki chunguni



Kwa toleo hili nilikuwa nimepanga kuandika juu ya palizi ya pili ya maharagi. Mama mmoja alinibadilishia mpango.

Tulikuwa kwenye mkutano, huku milima ya Kabare, wakati ule wa msimu A mvua ikiisha kuzoea na magugu yanaota haraka kuliko maharagi. Mkutano ulipokwisha, mama huyo akatoa kwenye kikapo chake chupa ya litra 1, ile ya maji, imejaa kitu cha kijani, kizito, chenye povu juu.

"Agronome, onja kidogo. Hii inaongezaka damu. Binti yangu iko na mimba, ku santé walimuambia damu iko kidogo. Nilionaka hii ku telefone ya mutoto."

Watu wakasogea. Papa mmoja alikuwa tayari na kikombe mkononi. Nikauliza: mama, ndani umetia nini?

"Ndizi, marakuja, na sombe. Sombe mubichi. Nilitwanga muzuri, nikakamua."

Nilimuomba tusinywe. Alinitazama kama vile unavyomtazama mgeni anayekataa chakula mbele ya watu, na ninyi munajua huku kwetu hiyo si jambo dogo. Nikamuuliza kama binti yake alikwisha kunywa. "Bado," akasema, "nilitaka agronome atangulie kuonja." Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini moyo ulikuwa unadunda.

Sombe tunaijua wote, hakuna mtu wa Kongo wa kumfundisha mama namna ya kuipika. Lakini ni wachache walioelezwa kwa nini inapikwa vile. Ndani ya jani la muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Kikiwa peke yake kimetulia. Karibu yake, mahali pengine ndani ya jani hilo hilo, kuna kimeng'enyo kinachoweza kukivunja. Jani likiwa zima, vitu hivi viwili havikutani. Ukilitwanga, vinakutana, na kutoka hapo inatokea sianidi, ambayo ni sumu kali. Ndiyo maana mama anatwanga kwanza, kisha anatokosa muda mrefu: kutwanga kunaitoa sumu ndani ya jani, na moto unaipeleka juu pamoja na mvuke. Kazi ni mbili, na zinafuatana. Mwenye kutwanga bila kupika amefanya nusu ya kazi na kusimama mahali pabaya kuliko pote. Juisi ya sombe mbichi ni ile saa hasa ambapo sumu imetoka kwenye jani na haijaenda popote.

Nchi yetu inaijua sumu hii. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ya watoto na wamama, uliandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, na jina lenyewe ni la Kiyaka. Konzo inatoka hasa kwenye muhogo mchungu ambao haukulowekwa ya kutosha, kwa watu ambao chakula chao hakina nyama, samaki wala maharagi. Si juisi iliyoileta. Lakini sumu ni ile ile moja.

Basi chupa tukaimwaga chini. Na mama, ambaye si mtu wa kuacha neno njiani, akauliza: "Sawa. Sasa mutoto yangu atakunywa nini?"

Hilo ndilo swali ninalojibu hapa. Kwa kweli wazo lake halikuwa baya hata kidogo, ni jani tu ambalo lilikuwa baya.

Mboga za majani zina chuma, ile inayohitajika kutengeneza damu. Shida ni kwamba chuma ya majani inaingia mwilini kwa taabu, si kama chuma ya nyama au ya ndakala. Kitu kinachoisaidia kuingia ni vitamini C, na vitamini C haipendi moto: ukitokosa sana inapotea. Kwa hiyo ukila lengalenga iliyopikwa saa moja na usile tunda lolote, chuma mingi inakupita tu. Ukichanganya majani na tunda bichi, unapata zaidi. Kuna tena ile rangi ya ndani ya majani ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya ngozi: yenyewe inataka mafuta ili iingie. Kwa hiyo majani, tunda chachu na avoka kidogo ndani ya kikombe kimoja vinasaidiana. Yule aliyetengeneza juisi ya namna hiyo mara ya kwanza hakuwa mjinga.

Jani ninalolipendekeza ni lengalenga, ile ya kuota yenyewe. Nilipokuwa ninasoma agronomia, tuliiandika kwenye daftari katika ukurasa wa magugu, pamoja na majina ya dawa za kuiua. Jioni tulirudi kwenye nyumba ya kupanga tukala gugu hilo hilo na bugali. Hakuna aliyeona ajabu, hata mimi. Gramu 100 za majani mabichi ya lengalenga zina chuma karibu miligramu 2, kalsiamu zaidi ya miligramu 200, na vitamini C karibu 40. Kwa jani ambalo hukulipanda, hukulitilia mbolea, na ambalo unaling'oa na kulitupa kando ya shamba, hiyo ni mingi.

Matembele na mlonge, ile ambayo wengine wanaiita moringa, yanafaa pia, ingawa si ya porini. Matembele yachemshwe kama lengalenga. Mlonge una ukali, utie kidogo sana.

Sasa yale ambayo hayaingii kwenye kikombe, na hapa musinibembeleze. Sombe, tumekwisha kusema. Mnavu, ile mboga chungu yenye vitunda vidogo vyeusi, ni mboga nzuri ya chungu: ipikwe, maji ya kwanza yamwagwe, na vitunda vya kijani visiliwe. Isogi vilevile, ni ya kupika. Na fumbwa ya ndugu zetu wa msitu ni jani gumu, linakatwa nyembamba na kupikwa na karanga. Hata mikseri ya umeme itachoka nalo.

Hatari kubwa kuliko zote ni datura. Inapenda kuota karibu na jalala na kwenye udongo wenye rutuba, mahali pale pale lengalenga inapopenda. Ikiwa kubwa hakuna wa kuikosea: ua refu jeupe kama tarumbeta, tunda lenye miiba. Ikiwa changa, mtoto aliyetumwa haraka kuchuma mboga jioni anaweza kuileta ndani ya fungu. Kunja jani kwa vidole na unuse. Datura ina harufu mbaya, lengalenga inanuka majani tu. Kwa kufupisha, sheria yangu ni hii: jani ambalo mama yako hakulipika nyumbani, wewe usilinywe.

Mahali pa kuchuma panahitaji akili pia. Ukiwa na shamba la nyanya linalopulizwa dawa kila wiki, lengalenga iliyo katikati ya nyanya imepulizwa nayo, hata kama dawa haikununuliwa kwa ajili yake. Hiyo iachwe. Iachwe pia ile ya kando ya barabara kubwa, ya karibu na choo, na ile ya mahali wanapooshea dhahabu, juu ya zebaki. Chuma kwenye mpaka wa shamba la maharagi au mahindi, asubuhi, majani machanga kabla mmea haujatoa maua.

Nimefika kwenye kuosha, na hapa ninaomba musome polepole. Tunakaa mahali ambapo kolera inarudi, Bukavu, Uvira, kando ya ziwa. Mboga inayopikwa imesamehewa mengi na moto. Mboga ya kunywa haina wa kuisamehe. Kwa sababu hiyo siwapendekezei majani mabichi kabisa, hata kama kwenye telefone mumeona watu wanayasaga mabichi. Wao wana bomba jikoni. Sisi tuna mto, na juu ya mto kuna kijiji kingine.

Namna ninavyofanya ni hii, kwa watu 4. Chukua makonzi 2 ya lengalenga, uioshe kwa maji mengi mara 3 mpaka mchanga uishe. Tia kwenye maji yanayochemka kwa nguvu, hesabu dakika 3, halafu mwaga maji yale. Usione huruma kuyamwaga. Lengalenga ina okzalati, kitu kinachoshika kalsiamu na kuizuia mwilini, na sehemu yake inaondoka na maji hayo. Vitamini C kidogo inaondoka nayo, lakini hiyo tutairudisha kwa tunda. Majani yakipoa, yatwange kwenye kinu mpaka yawe laini kabisa. Kama kinu ni kile cha sombe, kioshwe kwanza na maji ya moto, tena si kwa kupangusa tu. Twanga humo ndizi mbivu 2, kamaramasenge zinafaa sana, na nusu ya avoka. Mimina vikombe 3 vya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Matunda yaoshwe kabla ya kukatwa. Kwa mwisho kamulia marakuja 4, au mapera 2 yaliyopondwa. Pera ni la ajabu kwa vitamini C, gramu 100 zina zaidi ya miligramu 200. Chungwa halifiki robo tatu za hiyo, wala nusu. Sukari haihitajiki. Usichuje majani ukayatupa, maana utakuwa umetupa ulichokitafuta.

Ladha? Mara ya kwanza rangi inatisha. Mdomoni ni marakuja na ndizi.

Inyweke saa ile ile. Tusijaze chupa ya kuenda nayo shamba mpaka saa nane. Hatuna friji, na juisi yenye ndizi inaanza kuchacha haraka. Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaijui: lengalenga inakusanya nitrati, zaidi kama shamba limetiwa urea nyingi, na juisi ikikaa kwenye joto vijidudu vinaigeuza kuwa nitriti, ambayo ni mbaya hasa kwa watoto wachanga. Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake. Kuanzia hapo mpaka afikishe mwaka, mpe lengalenga iliyopikwa na kupondwa vizuri na mafuta ya mawese kidogo, juisi aiache. Na mwenye historia ya mawe ya figo, kikombe hiki kimpite.

Kwa binti wa yule mama nilisema maneno mengine, na nitayasema hapa kwa wote. Damu kidogo wakati wa mimba haitokani na chakula peke yake. Malaria inaila damu, minyoo inaila. Vidonge vya chuma na asidi foliki vinavyotolewa kwenye kituo cha afya vina chuma ambayo vikombe vingi vya juisi havitafikia. Avimeze, hata kama vinamletea kichefuchefu na choo cheusi, hiyo choo nyeusi ni kawaida. Alale ndani ya chandarua. Na chai isinywewe pamoja na chakula, inazuia chuma. Angojee saa moja hivi. Juisi iwe juu ya hivyo vyote. Akikosa kimoja, akose juisi.

Wakati wa maswali, papa mmoja alitaka kujua kama sasa kooperative iache kupalilia. Hapana, papa! Mmea mmoja wa lengalenga ukikomaa unamwaga mbegu kwa maelfu, na hizo utazipalilia wewe na watoto wako. Palilia shamba kama kawaida. Acha ukanda mwembamba kwenye mpaka, hatua 2 hivi za upana, na humo usiing'oe, ikate. Ukiikata ikiwa imefika kwenye goti, ukiacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, inachipuka tena na unakata mara kadhaa kabla haijatoa maua. Ikitoa maua, ing'oe yote, ubakize mimea 2 au 3 ya mbegu.

Vijana wawili walikuja na wazo la kuuza juisi hii kwenye soko. Nimewakatisha tamaa, na wananisikia vibaya mpaka leo. Mafungu ya lengalenga wauze, na marakuja wauze, soko lipo. Juisi ya majani, bila maji ya uhakika, bila friji, ndani ya chupa zilizookotwa, siku mtu mmoja akiharisha jina la kooperative nzima limekwisha. Wakipata maji ya bomba tutaongea upya.

Kwenye mkutano unaofuata tutaitengeneza pamoja, mbele ya watu wote. Mama amekubali kuleta kinu chake, amesema kimeoshwa. Wenye marakuja, wenye mapera, leteni. Maji ya kuchemshwa nitakuja nayo mimi, na kila mtu aje na kikombe chake. Mama ameweka sharti moja tu: agronome ndiye atakayetangulia kuonja.