DRC: Kufundisha kuandika programu za kompyuta shuleni, mwalimu aanzie wapi?

Nilipokuwa sekondari, somo la informatika tulilisoma bila kugusa mashine. Mwalimu alichora klavie kwenye ubao, nasi tukainakili kwenye kaye, kila herufi mahali pake. Siku ya mtihani, aliyekumbuka majina ya sehemu zote za kompyuta ndiye alipata pointi nyingi. Kompyuta yenyewe nilikuja kuiwasha nikiwa tayari chuo kikuu.

Leo mpango mpya wa taifa wa masomo ya sayansi, kwa darasa la 7 na la 8, umeingiza teknolojia ya habari na mawasiliano, ile tunayoita TIC. Ni jambo zuri. Lakini mwalimu anayekabidhiwa somo hilo mara nyingi ni yule wa hesabu au fizikia, naye pia alisoma kwa kuchora klavie. Atafundisha nini zaidi ya kile alichofundishwa?

Wengi watajibu: mpeni kompyuta kwanza. Ni kweli zinahitajika. Ila kompyuta zikifika kabla mwalimu hajatayarishwa, zinaishia kufungiwa katika ofisi ya prefe, zikingojea siku ya wageni. Na hapa kwetu Kivu, ambako umeme unakatika wakati wowote na darasa moja linabeba wanafunzi hamsini na zaidi, mwalimu akingoja vyombo vyote vitimie atangoja hadi pensheni.

Karatasi 5 na wanafunzi 5

Kuna njia nyingine. Tangu miaka ya 1990, Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, na wenzake walitayarisha masomo ya informatika yasiyohitaji kompyuta hata moja. Wanayaita CS Unplugged, na mwalimu anaweza kuyapata bure.

Somo moja maarufu ni hili. Wanafunzi watano wanasimama mbele ya darasa, kila mmoja na kipande cha karatasi ngumu. Kutoka kushoto kwa wanaotazama, karatasi zina nukta 16, 8, 4, 2 na 1. Anayeonyesha nukta zake ni 1, aliyegeuza karatasi yake ni 0. Mwalimu anasema: nipatieni 13. Darasa linapiga kelele, wanahesabu, halafu 8, 4 na 1 wanaonyesha, wengine wanaficha: 01101. Kwa karatasi hizo tano wanafika hadi 31, na hiyo inatosha kwa herufi zote 26. A ni 1, M ni 13. Baada ya dakika chache watoto wanaandikiana MAMA kwa sifuri na moja, na wameelewa namna simu ya baba yao inavyohifadhi ujumbe.

Kisha mwanafunzi mmoja anakuwa roboti. Wenzake wanamwandikia amri: hatua 5 mbele, geuka kulia, rudia mara 4. Roboti hafikirii, anatii tu. Akigonga benchi, kosa si lake, ni la walioandika. Wanarudi kwenye kaye kutafuta mstari wenye kosa, na hiyo ndiyo kazi ya kila siku ya mtu anayeandika programu.

Aplikasio inaanza na shida ya watu

Kutunga aplikasio ya simu nako kunaweza kuanzia kwenye karatasi. Wanafunzi wanachagua shida wanayoijua, kwa mfano kujua saa ambayo maji yatatoka kwenye robine ya mtaa. Wanachora kila ukurasa wa simu kwenye karatasi yake. Mmoja anabonyeza kwa kidole, mwingine anabadilisha karatasi. Aliyebonyeza akipotea, mchoro unafanywa upya, na hakuna makuta yaliyopotea.

Hapo ndipo kompyuta inaingia, hata ikiwa moja tu. Scratch, iliyotolewa na MIT ya Marekani mwaka 2007, inaweza kuwekwa kwenye kompyuta na kufanya kazi bila intaneti, na lugha zake ni pamoja na Kifaransa na Kiswahili. App Inventor, iliyoanzia Google kisha ikahamia MIT, inamwezesha mwanafunzi kuunganisha vipande kama tofali na kujaribu kazi yake kwenye simu ya Android.

Mwaka 2017, wasichana 5 wa Kisumu Girls High School nchini Kenya walifika hadi California katika mashindano ya Technovation. Aplikasio yao, I-cut, ilimsaidia msichana anayetishiwa kukeketwa kuomba msaada. Walianza na shida ya wasichana wenzao.

Mafunzo ya siku mbili na cheti hayatoshi kumfikisha mwalimu hapo. Kwanza aketi kama mwanafunzi, awe yeye roboti, akosee mbele ya wenzake. Kisha afundishe, na mtu arudi kumtazama. Unite pedagojiki tayari zinakusanya walimu wa somo moja. Saa moja ya mkutano huo ingeweza kutumiwa kujaribu somo la karatasi 5.

Inabaki simu. Katika shule zetu, mtoto anayekutwa nayo ananyang'anywa. Mwalimu anayetaka kutumia App Inventor atalazimika kukaa kwanza na prefe na wazazi, wakubaliane ni simu ya nani, inakaa wapi, na inatolewa saa ngapi.