Tawi Lisilopokea Mapya

Ukiwa na simu ya Android mfukoni, unatumia Linux, programu huria aliyoianzisha Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. Kila baada ya wiki 9 au 10 hutoka toleo jipya. Lakini mapya huja na kasoro zake, na kompyuta za benki si uwanja wa majaribio. Wafanyeje wanaotaka usalama bila misukosuko?

Kwa ajili yao, mwaka 2005 Greg Kroah-Hartman na Chris Wright walianza kutunza tawi imara: toleo lililokwisha kutoka, lipokee marekebisho tu. Masharti ni makali. Rekebisho lisizidi mistari 100, liondoe kasoro moja ya kweli, na liwe limekwisha kuingizwa katika shina. Likitiwa tawini peke yake, kasoro ile ile itarudi katika toleo lijalo.

Kazi hii haina vigelegele, na watunzaji ni wachache. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba matunzo ya muda mrefu yatapunguzwa kutoka miaka 6 hadi 2. Kwangu mimi, anayekataa mapya ili ya zamani yasituangushe, naye ni mjenzi. Tumkumbuke.