Mwaridi Unaozikwa Ukiwa Hai

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu msikilizaji, sisi tuliozoea mawaridi ya Naivasha na Arusha ni vigumu kusadiki kwamba kuna watu ambao kila mwaka huuzika mwaridi wao ardhini, kisha wakaufukua ukiwa hai. Watu hao wapo. Wako katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako ndugu zetu wengi, hasa kutoka Kenya, wanaishi. Mtu akishapata nyumba yake huko, hutamani mwaridi utambaao mlangoni. Wakati wa joto hustawi. Mwaka unaofuata hukuta fimbo kavu.

Je, kinachoua ni nini? Wengi watajibu kuwa ni baridi, nao wamepata nusu ya jibu. Katika majira ya baridi kali, joto huko huweza kushuka hata nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri. Maji yaliyomo ndani ya tawi huganda, na barafu hiyo hufyonza maji kutoka katika chembechembe hai za mmea. Wakati huo huo upepo mkavu huyakausha matawi, na mizizi iliyo katika udongo ulioganda haiwezi kupandisha maji mengine. Basi mti hufa kwa kiu huku umezungukwa na theluji! Ifikapo Machi, jua huuyeyusha mchana na usiku ukaganda tena, na mambo hayo huyapasua magome.

Mwaridi wa kichaka si taabu kubwa. Hupogolewa ukawa mfupi, shina likafukiwa udongo, na baadaye huchipua na kuchanua mwaka huo huo. Lakini utambaao uzuri wake uko katika matawi marefu ya zamani. Yakifa kila mwaka, hautapanda ukuta kamwe. Na ile aina inayochanua mara moja tu kwa mwaka haitatoa ua hata moja.

Tena miwaridi mingi ya dukani ni ya kubebeshwa, kama miembe yetu. Pale kiungoni pakifa, mizizi huchipusha mwaridi mwingine, wa mwituni, na mwenyewe akadhani ua lake limegeuka.

Sasa dawa. Maandalizi hayangoji theluji. Kuanzia katikati ya Agosti, acha kutia mbolea, na baada ya hapo usipogoe, maana machipukizi machanga ndiyo hufa kwanza. Lakini endelea kumwagilia maji mpaka ardhi ianze kuganda.

Mwishoni mwa Oktoba, fungua matawi kutoka kwenye fito, yafunge pamoja kwa kamba laini. Chimba mfereji wenye urefu sawa na matawi hayo. Legeza udongo kuzunguka mizizi kwa uma wa bustani, kisha ulaze mti wote mferejini polepole. Upinde kutoka mizizini, wala si pale kiungoni, usije ukavunjika. Fukia kwa udongo. Udongo wa juu ukianza kuganda, rundika majani makavu. Theluji itakayoanguka juu yake ni blanketi jingine, maana huzuia baridi kali kupenya. Katikati ya Aprili, ondoa majani na udongo kidogo kidogo, kisha uusimamishe tena.

Kwa asiyeweza kazi hiyo, ipo njia nyingine. Huko Ottawa, Kanada, mtaalamu wa serikali, Felicitas Svejda, alizalisha miwaridi inayostahimili baridi. Miongoni mwake ni John Cabot, uliotolewa mwaka 1978, na William Baffin, wa mwaka 1983. Hii hutambaa, na hata Minnesota huachwa imesimama ukutani mwaka mzima. Anayenunua achague ulioota kwa mizizi yake wenyewe. Hata matawi yakifa, kitakachochipua ni mwaridi ule ule.

Ndugu msikilizaji, mwaridi ni mti wa miaka mingi. Aliyeupoteza kwa baridi ya usiku mmoja amepoteza jasho la miaka. Mwenye jamaa huko na amfikishie habari hii mapema, kabla ya Agosti, kwani Desemba jembe haliingii ardhini.

Kwa leo ni hayo. Tukutane juma lijalo, inshallah.