Kuomba Upya Nafasi ya Udaktari wa Meno Marekani Baada ya Kukataliwa

Maombi ya kujiunga na vyuo vya udaktari wa meno nchini Marekani, ambavyo sasa vimezidi 70, hupitia kwa sehemu kubwa katika mfumo mmoja wa pamoja uitwao AADSAS, ambao hupokea faili moja la mwombaji na kulisambaza kwa vyuo vyote alivyovichagua. Kwa kuwa wanaodahiliwa huwa wamemaliza shahada ya kwanza au wako mbioni kuimaliza, jibu la kukataliwa humkuta mtu akiwa na matokeo ya miaka mitatu au minne ambayo hayafutiki tena. Hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu huharakia kurekebisha sehemu zilizo rahisi kuguswa, yaani insha na saa za kujitolea, ilhali mara nyingi kilichowaangusha ni alama, tarehe ya kuwasilisha maombi au uchaguzi wa vyuo vyenyewe.

Alama ndizo zinazostahili kuchunguzwa kwanza. Chuo kikuu cha Marekani hupima mzigo wa kila somo kwa krediti, ambazo kwa kawaida hulingana na idadi ya saa za darasani kwa wiki, kisha hukokotoa wastani wa alama zote katika kipimo kinachoishia 4.0. Wanaofanikiwa kuingia katika udaktari wa meno huwa na wastani unaokaribia 3.6, na sayansi, yaani biolojia, kemia na fizikia, huhesabiwa pia peke yake. Mwombaji mwenye krediti 120 na wastani wa 3.0, hata akisoma mwaka mzima wa ziada wa krediti 30 na kupata A katika kila somo, hupanda hadi 3.2 tu. Tena, mfumo wa AADSAS huhesabu kila jaribio la somo lililorudiwa, hata kama chuo alikosoma mwombaji kimeshaifuta alama ya mwanzo katika kumbukumbu zake, kwa hiyo anayerudia somo akitumaini kwamba F yake itatoweka anajidanganya.

Hata hivyo, hesabu hiyo isimkatishe mtu tamaa, kwa kuwa kamati za udahili hazisomi wastani wa jumla peke yake. Faili huonyesha wastani wa kila mwaka wa masomo kivyake, na masomo yaliyochukuliwa baada ya shahada ya kwanza hupewa mstari wao, hivyo mwaka mmoja wa A mfululizo huonekana waziwazi hata kama umesogeza wastani mkuu kidogo tu. Ni busara zaidi kuchukua masomo mapya ya ngazi ya juu, kama vile biokemia, mikrobiolojia na fiziolojia, kuliko kurudia yale ya mwaka wa kwanza, isipokuwa pale ambapo somo la lazima lilipatiwa alama iliyo chini ya kiwango kinachokubaliwa. Zipo pia shahada za uzamili zilizobuniwa mahususi kwa waombaji wa aina hii, mfano wake ukiwa ile ya sayansi ya afya ya kinywa ya Boston University. Programu hizo huweza kusaidia sana, lakini ni ghali, na anayeingia humo akapata alama za wastani huwa amelipa fedha nyingi ili kuthibitisha shaka ileile iliyomnyima nafasi.

Mtihani wa kujiunga, unaojulikana kwa ufupisho wa DAT, unaweza kurekebishika kwa muda mfupi zaidi. Una maswali 100 ya sayansi asilia, 50 ya ufahamu, 40 ya hisabati, na 90 ya uwezo wa macho kutambua maumbo. Sehemu hii ya mwisho huwashangaza wengi: mtahiniwa huonyeshwa karatasi iliyokunjwa na kutobolewa, akatakiwa kutambua matundu yatakavyokaa ikikunjuliwa, huhesabu pande zilizopakwa rangi katika rundo la michemraba, hupanga pembe zinazokaribiana mno kuanzia ndogo hadi kubwa. Ujuzi huo hupatikana kwa mazoezi ya kila siku na hauhusiani na kitabu chochote cha biolojia. Tangu mwaka 2025 matokeo hutolewa katika kipimo cha 200 hadi 600 badala ya kile cha zamani cha 1 hadi 30, na anayerudia mtihani akumbuke kwamba vyuo huyaona pia matokeo yake ya awali, kwa hiyo hakuna faida ya kurudi ukumbini kabla sehemu iliyomwangusha haijafanyiwa kazi.

Jambo linalopuuzwa mno ni wakati. Vyuo vingi huanza kuyapitia maombi na kuita watu kwenye usaili tangu kiangazi, na ofa za kwanza hutolewa Desemba, kumaanisha kwamba faili lililowasilishwa mapema Juni na faili hilohilo likiwasilishwa Oktoba hayashindanii idadi ileile ya nafasi. Sambamba na hilo, vyuo vya umma huwapendelea wakazi wa majimbo yao, na vingine hufunga mlango kabisa, kama East Carolina University, ambayo hudahili wakazi wa North Carolina pekee katika udaktari wa meno. Kwa vijana waliotoka Afrika Mashariki suala hili ni zito zaidi, kwani vyuo vingi vya umma havipokei, au hupokea kwa nadra, waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu. Mtu aliyeomba vyuo kumi ambavyo sita kati yavyo havikuwa na nafasi ya kumpa, kwa kweli aliomba vinne.

Kuhusu uzoefu wa kliniki, kamati hutaka ushahidi kwamba mwombaji ameketi pembeni ya daktari wa meno akitazama kazi kwa muda wa kutosha, ikiwezekana katika zahanati za aina mbalimbali, na baadhi ya vyuo hutaja saa 100 kama kiasi cha kuelekeza. Hapa pana tahadhari inayoigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwa sababu zipo safari za kujitolea ambamo wanafunzi kutoka Marekani, kabla hawajasomea udaktari, huja na kushika koleo wakawang'oa meno wanavijiji. Chama cha elimu ya udaktari wa meno cha huko, ADEA, kimetoa mwongozo unaowaonya wanafunzi dhidi ya kufanya tiba wasiyofunzwa, na anayeiandika kazi hiyo kwa fahari katika faili lake hujiharibia. Anayestahili kuhurumiwa zaidi, bila shaka, ni mgonjwa.

Insha, ambayo haipaswi kuzidi herufi 4,500 pamoja na nafasi, iandikwe upya na ieleze kilichobadilika tangu jaribio la kwanza, na barua za wadhamini, ambazo haziruhusiwi kuzidi nne, ziwe mpya. Kabla ya yote hayo, mwombaji aviandikie vyuo vilivyomkataa akiomba kuelezwa udhaifu wa faili lake, kwa kuwa baadhi yavyo hutoa ushauri huo mzunguko wa udahili unapokwisha, nao ni bure.

Aliyekwama kwa kuchelewa au kwa kuchagua vyuo vibaya anaweza kuomba tena mwezi Juni unaofuata. Aliyekwama kwa alama, na akapata jibu lake Februari, hatakuwa na matokeo mapya ya maana ya kuonyesha ifikapo Juni hiyo. Huyo auache mzunguko huo upite, asome mwaka mzima, ndipo alipie ada ya maombi kwa mara ya pili.