Lugha kama Kiungo cha Usanifu wa Bidhaa: Mfano wa Jiko Banifu katika Arua na Koboko

Usanifu wa bidhaa huchukuliwa mara nyingi kuwa kazi ya kuchagua umbo na malighafi. Makala haya yanadai kuwa maneno yanayoambatana na bidhaa nayo ni kiungo chake. Bidhaa isiyoeleweka kwa mtumiaji haijakamilika, hata ikifaulu vipimo vyote vya maabara.

Jiko banifu la udongo aina ya roketi ni kielelezo kizuri. Katika makazi ya Rhino Camp na Imvepi, kwenye iliyokuwa Wilaya ya Arua, na Lobule wilayani Koboko, wakimbizi wa Sudan Kusini na Kongo hutegemea kuni kama wenyeji wao, na uhaba wa kuni huzua mivutano baina yao. Umbo la jiko hilo lina mantiki yake. Chemba ndogo hukusanya joto. Rafu hutenga kuni zilizo juu na hewa ipitayo chini. Vumbi la mbao lililochanganywa na udongo huungua na kuacha vishimo vinavyozuia joto kupotea. Tena, enyasa, yaani ugali wa Walugbara, husongwa kwa nguvu, na jiko jepesi lingepinduka.

Kasoro huanzia kwenye tundu la mbele. Fundi akiliita "tundu la kuni", mpishi hana kosa akilijaza kuni pomoni. Hewa hukosa njia, moshi huzidi, na kuni zilizokusudiwa kuokolewa huteketea. Maneno manne yaliyochorwa kwenye udongo mbichi, "juu kuni, chini hewa", yangefaa kuliko kijitabu cha Kiingereza.

Yaandikwe kwa lugha gani? Kilugbara na Kikakwa vina haki ya kwanza nyumbani. Hata hivyo, Kiswahili, sambamba na Kibangala na Kinubi, huvuka mpaka pamoja na wafanyabiashara na wakimbizi. Ni kweli kwamba kumbukumbu ya kambi za jeshi bado inakiandama nchini Uganda, na mshauri wa sera asiipuuze. Lakini ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kinachokosekana ni kukitoa darasani na kukifikisha jikoni.

Waandaaji wa zabuni za majiko hutaja kipenyo cha chemba na unene wa ukuta. Kifungu kimoja kuhusu lugha ya maelekezo, na sharti la kuyajaribu kwa wapishi wenyewe kabla ya ununuzi, vingeingia katika waraka uo huo.